Programu Yangu Haina Kasoro

Jumatatu, 3 Novemba
Ukuu wa kitengo cha kompyuta uko wazi! Tunaugombea wawili: mimi, na Bi Mardhiya, anayefundisha mwaka wa tatu kupima programu. Yeye kazi yake kutafuta makosa ya wenzake. Mimi nimeandika programu nzima, inayotoa matokeo ya mitihani. Alhamisi namwonesha Mkuu wa Chuo. Bi Mardhiya kauliza eti imepimwa? Kijicho hicho!

Kesho anakwenda harusini Paje, nnamshikia darasa. Wanafunzi wake ndio watakaoipima. Aone!

Jumanne, 4 Novemba
Nimewaambia waipime bila huruma. Nikaongeza kwamba nimeiandika mwenyewe, usingizi sikuujua, na mtihani wao wa mwisho nasahihisha mimi. Haitham kasema mashallah, mwalimu, haina kasoro. Suhaib kaniombea dua. Watoto waliolelewa!

Isipokuwa Mwanakheir. Eti akiandika jina akaacha nafasi ya alama tupu, mtu anafaulu. Nikamuuliza, nani mwenye akili ataacha tupu? Kajibu kwamba Bi Mardhiya kawafundisha kuanza na yale asiyoyafanya mwenye akili. Nimemwambia akae, adabu akajifunze kwao. Darasa zima limeinamisha vichwa. Heshima hiyo.

Alhamisi, 6 Novemba
Lahaula! Mkuu wa Chuo kataka kujaribu mwenyewe. Kaandika jina la Borafya, mlinzi wetu wa getini. Alama azitoe wapi? Kabonyeza. Borafya kafaulu, daraja la kwanza! Kaandika paka wa kantini. Daraja la kwanza, na hongera juu.

Bi Mardhiya hakucheka. Bora angecheka. Kauliza tu nani aliipima. Nikasema darasa lako. Akaitwa Mwanakheir, akaeleza kwa upole kwamba Jumanne alinambia.

Ijumaa, 7 Novemba
Ukuu kapewa Bi Mardhiya. Mimi nimeamriwa kukaa darasani kwake muhula mzima, nijifunze. Mwanakheir kanipisha kiti, na shikamoo kanipa. Nimeitikia marahaba kwa shida.

Jumapili, 9 Novemba
Nimeirekebisha! Safari hii sirudii kosa. Wanafunzi siwaamini tena, wana unafiki. Nimempelekea mama, Mbweni. Kompyuta hajapata kuigusa, lakini kijicho hana. Kavaa miwani, kaitazama, machozi yakamtoka. Kasema mwanangu, haina hata doa.

Kesho Bi Mardhiya aniulize tena kama imepimwa!