Mkono Wangu Kwenye Filamu ya Makoti

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimepata kazi! Filamu fupi ya kutangaza makoti ya matajiri. Bei ya koti moja unajengea nyumba, choo ndani. Shemeji, kaka yake mke wangu, ni fundi wa taa pale, kanipigia debe. Nitasimama nyuma kwenye karamu, nimeshika glasi. Nyuma! Tutaona. Mpango: kusogea mbele kidogo kidogo hadi uso wangu ujaze skrini.

Mke wangu hakuruka kwa furaha. Nimeacha pombe, na ndiyo kwanza kanirudisha chumbani. Kasema nikirudi nanukia hata kidogo, nisijisumbue kubisha hodi. Roho iliniuma, lakini ni haki yake. Nikamwapia.

Jumanne, 7 Oktoba
Mazoezi. Kwenye glasi ni juisi ya tufaha tu, afadhali. Mwongozaji, dada mmoja anayevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, anataka tulewe kitajiri. Watu wakaanza kuyumbayumba. Aibu! Hapo nina uzoefu, nikashindwa kunyamaza. Nikamweleza kwamba mlevi wa kweli hayumbi. Anakazana kunyooka, na kila mlango anausalimia. Nikaonyesha. Nilionyesha vizuri mno: mlinzi akanikamata, akanitoa nje. Shemeji alibembeleza sana ndipo nikarudishwa. Mwongozaji akasema walevi wa namna yangu hawanunui makoti.

Mbele kabisa kasimama mzee ninayemwita Masharubu, karani mstaafu, kapewa koti la mahameli. Langu halina kifungo kimoja. Simpendi.

Jumatano, 8 Oktoba
Picha ikirudiwa, glasi zinajazwa tena hadi alama ileile, ili zifanane. Nikapata akili! Nikamnong'oneza Masharubu kwamba mwongozaji anawapenda wanaomaliza glasi. Hesabu yangu: atabanwa, atakimbilia chooni, nafasi yake naichukua. Ili aamini, nami nikawa namaliza yangu. Kumbe mwenzangu anamwaga yake kwenye chungu cha maua! Alipotafutwa mtu wa kusogezwa mbele, mimi niko chooni. Wakamsogeza dereva wao.

Alhamisi, 9 Oktoba
Leo walitaka picha ya karibu: mkono ndani ya mahameli, glasi imejaa hadi ukingoni, isitikisike. Masharubu akatetemeka kwa furaha, akamwaga. Mwanamitindo waliyemleta kuvaa makoti, tangu asubuhi kanywa kahawa tupu, naye akamwaga. Wakajaribu mmoja mmoja. Mkono wangu? Kimya kama jiwe! Hata mimi nilishangaa. Nikajitahidi kuingiza na uso, Shemeji akanivuta ukosi.

Kazi ilipokwisha wakafungua chupa ya kweli. Wakanipa glasi. Loo, ile harufu! Nilitamani mno. Nikakataa, nikaomba juisi, ambayo nimeichoka kuliko kitu chochote duniani. Masharubu akaja kunipongeza, akanimwagia yake kwenye shati.

Mke wangu alinipokea mlangoni kwa pua. Nikaeleza, nikampumulia usoni. Akasema pumzi huoshwa kwa dawa ya meno. Shemeji akanitetea kwa simu. Akaambiwa hata enzi zile za ulevi alikuwa akinitetea vivyo hivyo. Godoro langu liko sebuleni.

Jumamosi, 18 Oktoba
Filamu imetoka. Tumeitazama kwenye simu ya Shemeji, tumebanana kwenye kochi. Uso wangu haumo. Hata kisigino! Masharubu yumo, nusu sikio. Nilitaka kulia. Mara mkono ukatokea, umejaa skrini nzima, glasi pomoni, haitikisiki. Nikasema ni wangu, watoto wakacheka. Mke wangu akaamuru irudishwe nyuma. Akalitambua kovu la pasi kwenye dole gumba. Akatazama tena na tena. Akasema mwaka jana mkono huohuo haukufikisha kikombe cha chai mdomoni bila kulowesha meza, na kwamba mtu anayekunywa pombe kwa siri hawezi kuwa na mkono wa hivi. Akafuta machozi. Kisha akabeba godoro yeye mwenyewe, akalirudisha chumbani. Nina furaha hadi naona haya.

Jumapili, 19 Oktoba
Nimetafakari. Kasoro ya filamu ile ni moja: uso haupo. Nimemwandikia mwongozaji kwamba mkono ule una uso wake, na uko tayari. Nikingoja jibu, nimetangaza nyumbani kwamba mkono wa msanii hauoshi vyombo. Nimeuvika soksi. Mke wangu kanitazama, kaivua soksi, kanikabidhi beseni la vyombo. Hajui sanaa. Nimeosha kwa mkono wa kushoto. Glasi mbili zimevunjika. Wa kulia haukutikisika.