Chupa ya Kuyeyusha Kifuko

Bwana Pole aliitwa hivyo kwa sababu alikupa pole kwanza, ugonjwa baadaye. Siku hiyo, kwenye benchi nje ya chumba cha altrasaundi, alimwona mama mshonaji kashika bahasha ya majibu kama kashika kaa la moto. Akajiweka sawa koti lake jeupe la mtumba, la kujifanya daktari, akamsogelea.

"Pole, mama. Hebu tusome. Lo! Kifuko cha maji kwenye figo!"

"Ndiyo nini, mwanangu?"

"Kikipasuka, umekwenda. Ila ninayo dawa ya kukiyeyusha. Unasikia maumivu?"

"Sisikii."

"Ukiinywa wiki nzima, bado hutasikia. Hapo ujue inafanya kazi!"

Mama hakuwa na fedha. Alikuwa na cherehani, iliyomlisha yeye na wajukuu. Cherehani ikahama, chupa ikabaki. Lakini mshonaji ni mtu wa vipimo: "Uniletee na picha ya figo ya aliyepona, nione kwa macho yangu."

Kazi rahisi! Bwana Pole alikuwa buheri wa afya. Akaenda kupigwa picha figo zake mwenyewe, aizungushe mji mzima kama picha ya aliyepona. Picha ikatoka: figo ya kushoto, kifuko.

"Ni cha kawaida, maji matupu," daktari akamwambia. "Hakikuumi, basi tunakiacha, tutakitazama tena baadaye. Kikikua na kuuma, tunayanyonya maji kwa sindano. Kikirudi, kuna upasuaji wa tundu dogo."

"Na dawa ya kunywa?"

"Hakuna. Anayeiuza ni mwizi."

Mwizi akatoka. Kiachwe tu? Daktari gani huyo! Maskini, uongo aliowapakulia wenzake miaka yote, leo ulikuwa kwenye sahani yake. Akakimbilia kwa mama. Hakumjua mwingine mwenye kifuko.

Mama, ambaye daktari yuleyule alikwisha kumtoa hofu, aliitazama picha, akamtazama mwenye picha.

"Mbona mimi nimepona, mwanangu! Si kwa dawa yako, lakini. Ni ya mganga mmoja wa mbali." Akatoa chupa iliyoshonewa kitambaa chekundu, mshono safi. "Ila haitoki humu ndani mpaka cherehani irudi."

Ilirudi mbio, kichwani mwa Bwana Pole. Akapiga funda moja kubwa. Uso ukakunjamana. Majani ya chai, chumvi, jivu kidogo: ile ile dawa ya sufuria yake mwenyewe!

"Mama! Hii si..."

"Pole, mwanangu," mama akasema, akitunga uzi kwenye sindano ya cherehani. "Unasikia maumivu?"

"Sisikii."

"Basi inafanya kazi."