Ombi la Kushikilia Nafasi ya Binti Yangu Hadi Prosesa Ipatikane

Ndugu Mkurugenzi wa Ofisi ya Wachora Ramani za Nyumba,

Natumaini u mzima, pamoja na wasaidizi wako wote, hata wale wanaokata simu zangu.

Mimi ni baba wa yule binti mrefu uliyemfanyia usaili akakuridhisha, ukamwambia kazi ni yake mradi awe na kompyuta yake mwenyewe, achorie nyumbani. Umempa hadi mwisho wa mwezi, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine. Kabla sijastaafu nilikuwa afisa manunuzi, na katika utumishi wangu wote hakuna hata ufagio ulioingia stoo bila bei za wauzaji watatu. Kwa hiyo kazi ya kuchagua kompyuta hiyo nimeichukua mimi, bila kuombwa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Barua yako inasema kompyuta iwe "yenye uwezo wa kutosha". Kutosha nini, Ndugu Mkurugenzi? Hata mshahara wangu niliambiwa unatosha.

2. Mfuko wetu ni wa kompyuta ya mtumba. Fundi wa jirani, tunayemwita Waya kwa wembamba wake, alinionyesha prosesa mbili za zamani. Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, ukikosea hapo umekosea kote. Ya kwanza ina viini vinne, na kiini tukichukulie kuwa ni mfanyakazi. Hawa wanne ni wepesi. Ya pili ni kongwe zaidi, ilitolewa kwenye mashine kubwa za ofisi fulani. Ina viini vinane, ila ni wazito, wanakula umeme na kutoa joto. Waya anasema mchoro wa ramani hushikwa zaidi na kiini kimoja, wengine wanabaki kutazama, kwa hiyo nichukue ile ya wanne wepesi. Mimi nimeongoza ofisi. Najua watu saba wanaotazama wanavyoweza kumharibu mmoja anayefanya kazi. Lakini najua pia kwamba siku huyo mmoja akiugua, utatamani ungekuwa na wa akiba. Nilimwambia Waya hivyo. Alirudi kuchomea risasi redio ya mtu.

3. Utaratibu unataka kila prosesa ipate bei tatu. Shida ni kwamba vitu vya mtumba havina utii. Nikishapata bei ya kwanza na ya pili, nikifika kwa muuzaji wa tatu, wa kwanza ameshauza. Na bei zikiwa pungufu ya tatu, zoezi zima linaanza upya. Limeanza upya mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Sasa wauzaji wakiniona nakata kona wanageuza kibao kisomeke "Tumefunga", na mteja yuko ndani anahesabiwa chenji. Hiyo ni hujuma, na naomba ofisi yako iilaani kwa maandishi.

4. Mama watoto, ambaye ni mwalimu wa chekechea na hana mafunzo yoyote ya manunuzi, aliniambia mchagua nazi hupata koroma. Nikamjibu kwamba sinunui nazi. Kesho yake akaja na mchagua jembe si mkulima. Nikamjibu kwamba sijawahi kuwa mkulima. Tangu hapo ananiwekea chakula mezani, anakwenda kula jikoni.

5. Hili ndilo linaloniuma. Mwanzoni binti alikuwa akikaa nami kila jioni tukishakula, yeye ananisomea vipimo kwenye simu yake, mimi naandika. Nikiuliza kuhusu joto la prosesa alikuwa ananicheka, anasema naiulizia kama mtoto mwenye homa, na mimi nacheka naye. Siku hizi ameacha. Asubuhi anaaga kwamba anakwenda kumsaidia shangazi yake, anarudi amechoka, anasalimia na kwenda kulala. Naamini ni huzuni ya hiyo tarehe yako ya mwisho wa mwezi. Mtoto anaikosa kazi huku anaiona, na lawama hiyo nakutwika wewe.

Kwa sababu hizo, naomba kwa heshima kwamba nafasi ya binti yangu isipewe mtu mwingine hadi zoezi likamilike. Kwamba uunde kamati ndogo ya kuamua kati ya wanne wepesi na wanane wazito, mimi nikiwa katibu. Na kwamba kazi ya kuchora isimame ofisi nzima kwa sasa, ili asije akawakuta wenzake wamemtangulia. Wenye viwanja waelezwe wasubiri. Nyumba ambayo haijachorwa haivuji, haipati nyufa, wala haigombewi na warithi.

Nakutakia utulivu wa kuamua bila pupa. Nisalimie mhasibu, wapima viwanja, mama wa chai, na mlinzi wa getini ambaye siku ile nilipokuja alinisikiliza hadi mwisho.

Wako katika utaratibu,
Baba wa Mchoraji, Afisa Manunuzi (Mstaafu)

Tanbihi (kwa kalamu yangu): Barua hii niliiandika kwa mkono nikampa binti akaichape. Amenirudishia safi, haina kosa. Nilipomtuma stempu ndipo aliponiambia, "Haina haja, Baba. Nitampa mwenyewe nikipeleka michoro." Kumbe ameshaanza kazi kwako. Mama yake alikwenda kwa Waya akasema apewe kompyuta yoyote inayowaka, wakaiweka kwa shangazi nisije nikaifungua. Nimemuuliza ina prosesa gani. Hajui, hajawahi kuuliza.

Kwa hiyo la kwanza hadi la nne nayafuta, pamoja na maombi yote. La tano nalirekebisha tu: mwenye huzuni si yeye, ni mimi. Jioni meza hii imekuwa kubwa mno. Kama ratiba yako inaruhusu, naomba umwachie Jumamosi, tuanze kutafuta skrini. Utaratibu wa skrini ni bei tano.