Namba ya Sala Inatumika

Jumapili, 9 Machi
Mama Ardis amestaafu! Miaka kumi na tisa sauti yake ndiyo iliyokuwa kwenye namba ya sala ya kanisa. Unapiga asubuhi, mashine inapokea, unasikia somo la siku, tafakari fupi, sala, amina, unakata. Sasa koo limemgomea. Mchungaji Tollefsrud katangaza kwamba Marlys Bakkedahl alisoma wiki iliyopita kwa majaribio, zikapigwa simu sitini na tatu. Mwingine anayetaka ajaribu wiki hii. Atakayepigiwa zaidi ndiye mrithi.

Mkono wangu ukapanda wenyewe.

Marlys ndiye mpiga kinanda wetu. Hutamka "Bwana" kama anaita ng'ombe walioko ng'ambo ya bonde. Akanifuata kwenye birika la kahawa kuniuliza, mama mtoto, shule uliacha lini vile? Nikasema darasa la kumi. Akasema basi nisiwe na hofu, majina marefu niyaruke tu.

Niruke! Nitamwonyesha.

Lakini naitaka kwa ajili ya Lyle. Tangu tumzike baba yake msimu wa mavuno, mume wangu hajasali hata juu ya sahani ya chakula. Leo mchana, kabla hajaondoka na lori kwenda kwenye visima vya mafuta, kasema ukiwa wewe unayesoma, Kaylene, nitapiga kila asubuhi. Alhamisi atafika penye mtandao. Alisema mwenyewe!

Jumatatu, 10 Machi
Nimesomea nyumbani ndani ya kabati la makoti, kwa simu, mashine ya kanisa ikirekodi. Somo la Jumatano ya Majivu lilituambia tukisali tuingie ndani tufunge mlango, na mlango mwingine unaofunga ni wa choo. Nilikuwa na Ansel mapajani, miezi tisa, anatafuna kofia ya baba yake. Somo: kondoo kulia, mbuzi kushoto. Tafakari yangu: hata mbuzi wana mama zao. Sijui ilitoka wapi. Nikalia kidogo.

Simu zilizoingia: tano.

Jumanne, 11 Machi
Somo: mkisali msirundike maneno. Nikasema machache, safi kabisa. Kisha nikasahau kubonyeza kitufe cha kumaliza.

Mashine ikarekodi dakika nne za kubadilisha nepi. Mji mzima umenisikia nikisema loh, umejaa hadi mgongoni, mfalme wangu! Marlys kanikuta dukani mbele ya rafu ya maziwa. Tafakari ya leo imemgusa, kasema, hasa ile sehemu ya pili.

Simu: tisa. Zimepanda!

Jumatano, 12 Machi
Dhoruba ya theluji. Umeme hakuna. Simu ya kanisa imekufa. Somo lilikuwa Ninawi, mji mzima kutubu na kuvaa magunia. Nimesomea Ansel peke yake. Hakutubu.

Simu: sifuri. Jumla kumi na nne. Marlys sitini na tatu. Ee Mungu.

Alhamisi, 13 Machi
Umeme umerudi. Nikarekodi mapema, somo likanipiga usoni: ombeni, tafuteni, bisheni mlangoni. BISHENI! Hakuna mahali palipoandikwa mara ngapi. Hakuna palipoandikwa mwenye sauti asibishe mlangoni kwake mwenyewe.

Simu yangu ya vitufe ina kile cha kupiga tena. Nimejipigia mara sabini na nne kabla ya saa sita. Wakati wa kunyonyesha nilitumia kidole gumba cha mguu. Nyingine kabonyeza Ansel, na hizo nazihesabu kuwa safi kuliko zote.

Jioni Lyle kanipigia. Kajaribu namba ya sala asubuhi nzima, anasikia mlio wa namba inatumika tu. Moyo ukaniruka! Nikamwambia vumilia, mume wangu, mkeo sasa ana wasikilizaji wengi. Akasema sawa, kesho nitajaribu tena.

Jambo zuri huambukiza. Nimewaanzishia, nao wamefuata.

Ijumaa, 14 Machi
Somo: ukipeleka sadaka ukakumbuka ndugu yako ana neno nawe, iache hapo, nenda mpatane kwanza. Nikamfikiria Marlys. Nikaendelea kubonyeza.

Supu ya Ijumaa kanisani. Chumba cha chini kizima kinanung'unika: inatumika, inatumika! Mama Ardis kanishika mkono. Kwa sauti ya mkwaruzo kasema miaka kumi na tisa namba haijawahi kusema inatumika hata siku moja, wewe mtoto unavuma. Nikainamisha macho kwa unyenyekevu. Kidole kiliendelea na kazi mfukoni.

Lyle hakuipata namba ya sala tena. Alipopiga jioni nikamwambia aamke mapema zaidi, awawahi wenzake.

Jumamosi, 15 Machi
Somo: wapendeni adui zenu. Nikakubali. Mshindi anaweza kumudu kupenda.

Nikaoka bakuli la nyama ya kusaga, supu ya uyoga ya kopo na viazi vidogo juu. Nikamfunga Ansel kifuani, simu mfukoni, hadi kwa Marlys. Kafungua mlango simu ikiwa sikioni, amefura. Huyo mama mtoto namtafuta tangu Alhamisi, kafoka, inatumika tu! Akaona kuwa huyo mama mtoto ni mimi.

Nikauliza kwa nini ananitafuta. Akaangalia viatu vyake. Kasema ile ya nepi ilimfanya acheke hadi akakaa sakafuni, na nyumbani kwake hakuna wa kumchekesha, alitaka kujua kama kuna nyingine.

Hapo kidole changu, kwa mazoea, kikabonyeza. Nadhani kiligusa na kipaza sauti. Kutoka ndani ya koti langu ikatoka sauti yangu, kubwa: "Wapendeni adui zenu..."

Tukaliangalia koti wote wawili. Ansel akapiga makofi.

Marlys akachukua bakuli mikononi mwangu. Akasema, ingia, adui yangu, viazi vinapoa.

Jumapili, 16 Machi
Marlys hakumwambia mtu. Mashine ndiyo iliyosema. Huandika kila namba inayopiga! Mchungaji kaniita ofisini, kaweka karatasi mezani. Simu mia nne na kumi na mbili. Mia tatu tisini na nane zinatoka kwangu. Kaniuliza kwa upole kama nazifahamu zile kumi na nne nyingine.

Nilizifahamu. Za Jumatatu na Jumanne. Laini ya kanisa ni moja tu, kasema, ukiwa ndani wewe, haingii mwingine. Tangu Alhamisi hakuna mtu aliyenisikia. Hata mmoja.

Marlys anaanza kesho. Mimi nimepewa kukunja viti.

Nikalia kwenye kabati la makoti. Lyle! Siku tatu nimemfungia mlango mimi mwenyewe. Alipopiga nikamweleza yote huku kamasi zikinitoka. Akacheka kidogo.

Kasema siku zote tatu alikaa kwenye lori kabla ya mapambazuko akipiga, akisikia ule mlio. Jana akachoka kusubiri. Akazima redio, akasema sala mwenyewe. Hakujua aanzie wapi, akaanza na jina la baba yake. Kahawa ikapoa mkononi. Halafu kaniuliza polepole: mke wangu, kesho itakuwa inatumika tena?

Nimefikiria hilo jioni nzima. Mji huu umesikiliza miaka kumi na tisa kwa sikio moja huku ukikaanga mayai. Marlys akisoma, wataendelea hivyohivyo. Lakini namba ikitumika, je, si watasali wenyewe kama Lyle?

Nimechaji simu. Marlys anaingia hewani saa kumi na mbili kamili asubuhi. Mimi na Ansel tutakuwa kabatini saa kumi na mbili kasoro dakika moja.