Waraka wa Ukoo wa Paa

Wananchi wote mnatangaziwa kwamba tatizo sugu la watu kutofanana na majina yao ya ukoo limepatiwa ufumbuzi wa kudumu.

Mimi ni Katibu wa Idara ya Asili na Maana ya Majina ya Ukoo, na mkono huu ndio uliobandika waraka mlangoni. Mkurugenzi aliuandika baada ya kunyolewa na kinyozi wa ukoo wa Nywele mwenye kipara king'aacho. Jambo lile lilimkosesha usingizi. Akaagiza kila mtu afanye kazi inayolingana na maana ya jina la ukoo wake.

Utekelezaji ulikwenda vizuri. Dereva wa gari la zimamoto, wa ukoo wa Taratibu, tulimpumzisha. Mwalimu wa hesabu wa ukoo wa Mashaka tulimtoa darasani, maana hesabu haitaki mashaka.

Kisha akaja muuguzi wa wodi ya wazazi, wa ukoo wa Kelele. Hospitalini kelele haziruhusiwi. Hata ukutani kumeandikwa. Tukamhamishia stendi ya mabasi, tukampa kipaza sauti.

"Mzee, nisikilize," alimwambia Mkurugenzi. "Bibi yangu alizaliwa kimya. Mkunga alishamfunika shuka. Ghafla akalia! Nyumba nzima ikashangilia, majirani wakaja mbio. Ndiyo hiyo Kelele. Ni jina la furaha."

"Binti, maana ni ile inayosikika."

"Kuna mama yuko kwenye uchungu sasa hivi. Nimemwacha ananililia nisiondoke."

"Umeona? Umeanza kusababisha kelele."

Dada wa watu akatoka, machozi yanamlengalenga. Mimi nilitazama dari, kama taratibu za utumishi zinavyoelekeza.

Siku ya uzinduzi rasmi wa waraka tukakusanyika uani, mbele ya ofisi. Muuguzi aliletwa kutoka stendi kuwa mtangazaji. Mkurugenzi, ambaye ni wa ukoo wa Paa, akasimama kifua mbele.

"Paa ni kupaa," alisema. "Sisi ni watu wa juu tangu asili. Shangazi yangu, mkubwa wa ukoo, atathibitisha."

Shangazi akainuka na mkongojo wake. Muuguzi akamshikia kipaza sauti karibu kabisa na mdomo.

"Kupaa wapi, mwanangu? Babu yako alipanda juu ya paa la jirani. Wenzake walikuwa wanachimba kisima cha mtaa, yeye akajificha huko. Maji yalipotoka, akashuka na ndoo, wa kwanza kwenye foleni. Tangu hapo akaitwa Paa."

"Shangazi! Hiyo ni siri ya nyumbani."

"Siri gani, na mtaa mzima ulimwona?"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Ila sheria ni msumeno. Paa la ofisi lilikuwa linavuja, na kifungu cha msamaha kwenye waraka Mkurugenzi alikikata mwenyewe, akisema kinalea uzembe. Kwa heshima zote tukamkabidhi nyundo. Ngazi ilishikwa na mpishi wetu wa zamani, wa ukoo wa Ngazi, tuliyemtoa jikoni kwa waraka huohuo.

Bati lilikuwa la moto. Mkurugenzi alirukaruka kama mahindi kikaangoni, na hakuna msumari alioupiga ukanyooka. Hatimaye akaomba karatasi na kalamu. Tukamrushia kamba, akavivuta juu, akaufuta waraka wote na kutia saini, kisha akaidondosha karatasi.

Kabla sijamaliza kuisoma, muuguzi alinitia kipaza sauti mkononi, akavua viatu akakimbia, moja kwa moja kuelekea wodini.

"Sasa ngazi!" Mkurugenzi alipaza sauti.

Mpishi alikuwa ameshaikunja, ameitia kwapani, anakwenda zake jikoni akipiga mluzi.

Ilinibidi nimweleze Mkurugenzi, kwa kipaza sauti ili wote wasikie, kwamba nafasi ya mshika ngazi imefutwa pamoja na waraka, na kuirudisha kunahitaji saini yake, akiwa ameketi ofisini kwake.