Miezi Tisa ya Shangazi Erlinda

Jumapili, 14 Desemba

Leo nimepewa cheo. Shangazi Erlinda amenikabidhi pensheni yake. Mimi! Siyo Reynante mwenye cheti cha uhasibu na miwani. Mimi, Dondon, muosha magari namba moja Satwa, na Dubai yote ukitaka.

Kazi yenyewe ya kitoto. Mfuko wa serikali kule kwetu Ufilipino unataka michango ya miezi mia na ishirini ndipo ukulipe mpaka unaingia kaburini. Shangazi anayo mia na kumi na moja. Sisi tulio nje tunaruhusiwa kulipia miezi tisa ya mwanzo wa mwaka hadi tarehe 31 Desemba. Tisa! Ndiyo hiyo hiyo anayopungukiwa. Mwezi ujao anatimiza sitini, tiketi kashakata, kwa mabosi wake kashaaga. Tarehe ikimpita, anarudi kudeki.

Mapumziko yake ni Jumapili tu, na Jumapili dirisha la malipo la Mfuko hapa Dubai limefungwa. Ndiyo maana kanipa bahasha ya hela pamoja na kadi yake ya uanachama, yenye namba.

Reynante, anayelala kitanda cha chini yangu, kasema kwa upole kwamba nikikwama nimwambie. Nikamwambia aiambie miwani yake. Kadi nimeificha asikoweza kufika: ndani ya mkebe wa kahawa, na mkebe ndani ya boksi la mama. Akili nyingi mpaka najiogopa.

Jumanne, 16 Desemba

Boksi limeondoka!

Kila mtu chumbani kwetu ana boksi lake miguuni pa kitanda. Unalijaza sabuni, nyama ya kopo na viatu vya binamu mpaka linavimba, halafu linapelekwa nyumbani kwa meli. Nilisahau kwamba lori la maboksi nilikuwa nimeliita mwenyewe, lije leo.

Mchana nimepanga foleni dirishani dakika hamsini. Dada wa dirishani kaniuliza namba ya mwanachama. Nikakimbia nyumbani kuifuata kadi. Miguuni pa kitanda nikakuta vumbi la pembe nne, basi.

Na nani kalifunga utepe mpaka ukaisha, akalibeba mgongoni ghorofa nne? Reynante! Alikuwa zamu ya jioni, kaona nisipitwe na lori. Anahema, jasho linamtoka, anasubiri neno. Ikabidi nimwambie asante. Sijawahi kutapika neno chungu vile.

Siku arobaini na tano baharini. Arobaini na tano!

Alhamisi, 18 Desemba

Nimekwenda kwenye ghala la maboksi. Nimemdanganya mlinzi, Mnepali mmoja mkavu kama fimbo, kwamba ndani ya boksi langu kuna paka. Kaingiwa na huruma. Kaniruhusu.

Maboksi mia tisa. Yote yanafanana kama mayai. Nikalitambua langu kwa kona iliyobonyea. Nikachana utepe. Zikatoka sidiria, dazeni nzima, na picha ya bwana mmoja mnene ananitazama vibaya. Mlinzi akauliza paka yuko wapi. Nikasema kafa. Akauliza mbona kavaa sidiria. Nimetolewa nje kwa ukosi wa shati.

Kumbe kona zote zimebonyea.

Jumapili, 21 Desemba

Shangazi kapiga simu kuuliza kama nimelipa. Nikamwambia imekwisha hiyo, Shangazi, lala usingizi. Akalia kwa furaha. Kasema mwanangu wewe, watu wanakusema vibaya bure. Kaahidi Jumapili ijayo kuniletea bakuli la tambi na kuku.

Sikutaka uongo. Ulitoka wenyewe, na tambi zikaufuata.

Reynante kauliza kama mambo yamekaa sawa. Nikamwambia wahasibu bwana, kila kitu mnataka kuhesabu, hesabu nywele zako kabla hazijaisha.

Jumatano, 24 Desemba

Nimeweza! Bila kadi, bila foleni, bila Reynante!

Nikakumbuka kwamba simuni mwangu nina programu ya Mfuko. Niliwekewa siku naondoka nchini, kama tunavyowekewa wote, na sijawahi kuifungua. Bahasha nimeimwaga kwenye akaunti yangu ya benki. Programu ikafunguka yenyewe, kitufe kikasema Lipa Sasa. Januari hadi Septemba. Nikabonyeza. Haikuniuliza hela za nani. Mashine za siku hizi zinajua.

Risiti ikaja. Nikaipeleka kwenye kundi la chumba, watu wote kumi na wawili, Shangazi naye yumo. Nikaandika: Ahadi ni deni langu, nimelilipa. Reynante akachukua simu yangu, akapandisha miwani, akasoma mpaka mwisho. Akasoma tena. Kisha akasema taratibu, mbele ya mti wa Krismasi na watu wote:

“Hongera, mzee. Umejilipia pensheni yako.”

Jina langu. Namba yangu. Miezi tisa yangu, na mimi nina miaka ishirini na tatu. Wamecheka mpaka mmoja kakaa juu ya keki.

Shangazi hakucheka. Kaandika neno moja tu: Jumapili.

Jumapili, 28 Desemba

Uwanja wa kanisa. Nilipanga kuanza na hali ya hewa. Akavua ndara.

Hakunipiga. Kaishika tu mkononi muda wote, na hiyo ni mbaya zaidi. Kasema miaka kumi na tisa amewaosha watoto wa watu, hata mtoto wake wa kuzaa alimwona anakua kwenye simu. Hiyo miezi tisa siyo karatasi, we Dondon. Ni mlango wa nyumba yake. Anataka aingie na asiombe mtu hela ya mchele.

Nikaangalia chini. Huko kuna viatu vyangu, ambavyo yeye alininunulia nilipofika.

Nikakiri yote. Boksi, kahawa, paka. Nikasema shida hasa ilikuwa namba, wiki mbili nimehangaika na namba.

Akafungua kitabu chake cha sala. Akatoa picha ya Mtoto Yesu. Akaigeuza. Namba hiyo hapo, kwa kalamu ya bluu, tarakimu zote kumi.

“Si ungesema!” nikapayuka.

“Si ungeuliza!” Ndara ikapanda. Nikarudi nyuma hatua tatu.

Shida ya pili ni hela. Reynante, ambaye alikuwa kasimama karibu kama nzi, akakohoa. Yeye ndiye mshika upatu wa chumba. Kakumbusha kwamba zamu ya kupokea keshokutwa ni yangu. Nilikuwa nayo mipango! Mkufu! Pikipiki ya kukodi! Nikamwambia hilo ni jambo la kifamilia. Shangazi akasema ndiyo, Reynante, mwanangu, hela zishike wewe, mkalipe pamoja.

Mwanangu! Sasa naye!

Jumatano, 31 Desemba

Tumelipa. Dirishani, watu watatu: dada wa dirisha, mimi, na Reynante amenishika mkanda wa suruali kama mbuzi wa mnadani. Kanisomesha kila tarakimu kwa sauti. Nimekosea moja tu.

Jina kwenye risiti: Erlinda. Miezi mia na ishirini. Reynante kampigia simu, kaniwekea sikioni. Nilimsikia Shangazi anapenga kamasi, na nyuma yake mtoto wa bosi analia njaa, na yeye kwa mara ya kwanza hakukimbia.

Mimi nilikuwa na vumbi machoni. Dubai ina mchanga mwingi.

Jumapili, 4 Januari

Shangazi kaondoka. Uwanja wa ndege kanipa ndara ile ile, ya mguu mmoja. Kasema niitundike ukutani nisisahau. Nimeitundika. Inapendeza.

Nimefikiri sana. Nani mwingine hapa ana miaka ishirini na tatu na tayari miezi tisa kwenye Mfuko? Hakuna! Bado mia na kumi na moja tu. Na nani analijua dirisha, foleni, programu, ghala? Nimeandika tangazo mlangoni: Dondon, Mshauri wa Pensheni. Reynante kalisoma, kavua miwani, kaenda kulala saa kumi na moja jioni.

Mteja wa kwanza kashapatikana: Mama Nenita, mpishi wa ghorofa ya pili. Kaniletea kadi yake leo. Nimeiweka mahali Reynante hawezi kuigusa kabisa.

Mkebe wa biskuti, safari hii. Chini kabisa ya boksi jipya. Lori linakuja Alhamisi.