Wimbo wa Tano, Upande wa Pili

Jumatatu, 3 Novemba 1969

Ghislaine anakufa. Nimeambiwa na Bibi Bocquet, jirani yake wa ukuta mmoja, kwenye foleni ya mkate, watu sita wakisikia. Mapafu. Daktari amesema wiki moja, labda pungufu. Mdogo wangu wa tumbo moja, na habari zake nazipata pamoja na mkate! Ee Bwana, unaniona.

Miaka kumi na moja hatusemeshani. Chanzo ni sahani ya santuri. Ile ya mwimbaji Lucien Varède, ambayo kila nyumba ya mtaa huu wa wachimba makaa inayo, imewekwa chini ya msalaba kabisa. Upande wa pili, wimbo wa tano, mwanamke anafika mbinguni, anabisha hodi, kimya. Wote wametoka kwenda kucheza dansi. Mbinguni! Nilisikia beti mbili, zikanitosha. Ghislaine alipotoka kuanika nguo, nikachomoa pini ya kofia yangu, nikaukwaruza wimbo mzima. Kwa faida ya roho yake. Akanifungia mlango.

Sasa Bibi Bocquet anasema mgonjwa hataki padre, hataki mpako mtakatifu, na mimi ndiyo kabisa hataki kunisikia. Nimepanga. Kwanza atakiri kwamba nilifanya haki. Halafu tutapatana. Halafu atatubu. Kwa mpangilio huo huo.

Alhamisi, 6 Novemba

Siku ya wasikilizaji, ukumbi wa parokia. Padre Wattel anapiga sahani, kila mtu anasema neno moja, na mimi naandika kwenye daftari. Nilimwomba apige ya Varède. Akafurahi, maskini, hakujua nakusanya ushahidi.

Wimbo wa tano ulipoanza nilikwenda jikoni kuchemsha kahawa na pamba masikioni. Kwenye kioo cha mlango niliwaona. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeinuka kwa hasira. Mzee Achille, aliyefukiwa shimoni siku mbili enzi za ujana wake, alikuwa amevua kofia.

Nikarudi na kalamu. Achille akasema ukipigwa siku ya maziko yake hatakuwa na deni na mtu. Bibi Bocquet akalia, akasema ni vumbi. Mke wa mwokaji akaomba urudiwe. Sikupata hata mmoja wa kuulaani! Nilimwuliza Padre anawezaje kuruhusu. Naye akaniuliza kama nimewahi kuusikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia maziwa yaliyochacha siyamalizi ndipo nijue. Akanitazama muda mrefu. Nadhani nilimgusa.

Ijumaa, 7 Novemba

Asubuhi nimeandika daftari upya. Dhambi ndogo, nitaiungama Jumamosi. Achille: wimbo umemtia kichefuchefu. Mke wa mwokaji: aliwaza watoto. Bibi Bocquet: alitoka nje. Nililipamba lake kidogo kwa sababu ya foleni ya mkate.

Nikaenda. Mlango haukuwa umefungwa. Sikuwa tayari kwa kile nilichokiona kitandani. Mikono yake imebaki mifupa na pete inacheza. Nilitaka kumshika nikakumbuka mpango, nikafungua daftari.

Alisikiliza yote macho yamefumbwa. Nilipofika kwa Bibi Bocquet akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikatia damu kwenye leso. Kumbe yule mama alishamsimulia kila kitu jana hiyo hiyo!

Akasema taratibu, anapumzika kila maneno mawili: “Kununua nyingine ningeweza, dada. Sikununua. Nilisema aliyeharibu ndiye ataleta.”

Nikasema nimekuja, si ndiyo?

“Umekuja na daftari. Niletee sahani nzima. Niusikie mpaka mwisho, na wewe umekaa hapa. Halafu mlete padre wako, anifanyie anachotaka.”

Nimelia njia nzima. Machozi ya furaha! Roho yake iko mkononi mwangu. Mpangilio umebadilika kidogo tu.

Jumamosi, 8 Novemba

Padre amenipa sahani yake, amefunga jalada kwa kitambaa kama mtoto mchanga. Akasema yuko tayari, nimwite saa yoyote.

Gramafoni ya Ghislaine iko karibu na mto wake wa kulalia. Nikaweka sindano. Akanishika kidole kimoja. Kimoja tu, kama alipokuwa na miaka minne tukivuka reli. Beti ya kwanza. Ya pili, wameondoka wote kwenda dansi. Ya tatu, mwanamke ameketi kwenye ngazi ya mbinguni, anavua viatu, anasema basi. Nikawaza: kesho anaweza kuwa mbele ya Mungu, na haya ndiyo ya mwisho kusikia! Nani atajibu? Mimi nitajibu.

Nikainua sindano. Nikasema beti tatu zinatosha kwa mgonjwa, nikaanza rozari.

Hakunigombeza. Aliachia kidole, akageukia ukuta. Nilisali makumi yote matano peke yangu. Nilipotaja padre alisema, “Nenda nyumbani, Honorine.” Hakusema dada.

Kesho nitajaribu na mchuzi wa kuku.

Jumatatu, 10 Novemba

Amekufa jana wakati wa misa ya pili. Nilikuwa kanisani nikimwombea. Bibi Bocquet ndiye aliyemfumba macho. Mchuzi bado uko jikoni.

Jumatano, 12 Novemba

Tumemzika, mvua tele. Baadaye kahawa na mkate wa maziwa ukumbini, kama desturi. Mfiwa mkuu ni mimi, wakaniketisha kati ya Padre na Bibi Bocquet. Achille akaomba wimbo. Padre akaniuliza kwa macho. Ningekimbilia wapi?

Beti ya nne. Mwanamke ananyanyuka aondoke, mlango unafunguka. Mzee mmoja ameshika ufagio. Anamwambia: wengine wamekwenda dansi, mimi nimebaki, nilijua utachelewa.

Basi. Ndiyo mwisho wake. Ulikuwepo miaka yote hiyo.

Sikujua niweke wapi mikono. Bibi Bocquet, yule mbaya wangu, aliniwekea kikombe ndani yake, akavikunja vidole vyangu kimoja kimoja. Nililia mbele ya parokia nzima.

Hakuna aliyekumbuka kuinua sindano, ikaendelea. Wimbo wa sita unaanza na mwanamke anayevua viatu mlangoni kwa mwashi asiye mumewe. Mstari mmoja tu. Nilijua unakoelekea, sikuhitaji zaidi. Na vijana wa kwaya walikuwa wanasikiliza!

Padre ameniachia sahani mpaka kesho, akasema itanifariji. Nimeifungua kitambaa. Wa tano sitaugusa, nimemwahidi Ghislaine.

Pini ya kofia iko hapa mezani.